Fundi wa santuri Majengo, Dodoma: The Crusaders wa mjomba wamerudi na besi yao

Kama una santuri za wazee wako ndani na umeshaambiwa hazifai tena, subiri kwanza, usizitoe. Kuna fundi hapa Dodoma, nyuma ya soko la Majengo, upande wa mashine za kusaga, kibanda chenye mlango wa bluu kisicho na kibao. Watu wengi wanampelekea redio na amplifaya. Wachache ndio wanaojua kwamba anaosha santuri, anatengeneza pleya, na anahamishia muziki kwenye flashi ukasikilize nyumbani au kwenye gari. Nimekwenda kwake majuma matatu, nimelipa hela yangu mwenyewe, jumla shilingi 141,000, na kila shilingi nitasema imekwenda wapi.

Ila siwezi kuipima kazi yake bila kusema nilimpelekea nini. Nilimpelekea santuri za The Crusaders, bendi ya Marekani.

Santuri ni za mjomba wangu, kaka yake mama. Miaka ya themanini alikuwa akipiga besi kwenye bendi za hotelini hapa mjini, na mchana alikuwa mtu wa reli, pale stesheni. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwaka uliofuata mjomba akachukua likizo, akapanda basi hadi Arusha, akalala, akapanda lingine hadi Nairobi. Watu waliokwenda Nairobi miaka ile walirudi na sabuni na mafuta ya kupikia, maana huku vilikuwa havionekani. Mjomba alirudi na miche miwili ya sabuni na albamu sita amezifungia ndani ya blanketi: Southern Comfort ya 1974, ambayo ni sahani mbili, Chain Reaction ya 1975, Those Southern Knights ya 1976, Images ya 1978, Street Life ya 1979 na Rhapsody and Blues ya 1980. Mama anasema mkewe alikaa siku nne hamsemeshi.

Alifariki 2016. Kreti la santuri likaja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgeuza santuri wake. Nilikuwa na miaka saba, nanawa mikono, nafuta kwenye gauni, nashika pembeni kwa viganja kama alivyonifundisha, nageuza upande. Yeye anabaki kwenye kiti, macho yamefumba, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea kwenye paja kama anashika nyuzi.

Kwa wasiowajua The Crusaders: ni watoto wa mtaa mmoja. Houston, Texas, eneo linaloitwa Fifth Ward, shule ya sekondari ya Phillis Wheatley, miaka ya hamsini. Joe Sample kwenye piano, Wilton Felder kwenye saksofoni, Stix Hooper kwenye drams, Wayne Henderson kwenye tromboni. Walianza wakiwa wanafunzi, wakabadilisha jina la bendi mara kadhaa, wakahamia Los Angeles, na 1961 wakatoa Freedom Sound wakijiita The Jazz Crusaders. Ilipofika 1971 neno jazz wakaliondoa. Waliona linawafungia mlango, kwamba kuna watu wakilisikia tu wanaamua huo si muziki wao kabla hata sindano haijagusa sahani. Mjomba alikuwa anapenda kulisema hili. Huku kwetu bendi zilikuwa zimeling'ang'ania neno hilohilo, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na zote zinapiga dansi. Wale waliokuwa na jazz yenyewe wakalivua, sisi wa rumba tukalivaa, na wote tukapata wachezaji.

Baada ya kulivua wakaongeza kinanda cha umeme, wakamchukua Larry Carlton kwenye gitaa, na mdundo ukashuka chini, ukawa mzito, ukawa fanki. Lakini mbele walibaki wale wawili wa kupuliza, tromboni na saksofoni, wakipiga mstari mmoja kwa pamoja kiasi kwamba ukisikiliza kwa haraka unadhani ni chombo kimoja kikubwa kisicho na jina. Hiyo ndiyo alama yao. Bendi nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa zinaweka tarumbeta mbele, inayokata na kung'aa. Hawa waliweka tromboni, sauti ya mtu mzima anayeongea bila kupaza, na muziki wote ukapata joto lake hapo.

Na jambo lililomfanya mjomba abebe blanketi lile kutoka Nairobi ni Wilton Felder. Felder alikuwa msaksofoni, mtu wa mbele, mtu wa kupigiwa makofi. Lakini kwa miaka kadhaa bendi haikuwa na mpiga besi wa kudumu, na studioni Felder mwenyewe ndiye aliyeshika besi, kisha akarudi kupuliza saksofoni juu yake. Kwenye Chain Reaction ni yeye sehemu zote mbili. Tena hakuishia kwenye bendi yake. Ile besi inayokimbia kwenye I Want You Back ya The Jackson 5, ya 1969, ambayo kila harusi ya Tanzania imeicheza, ni Felder. Besi ya Let's Get It On ya Marvin Gaye, 1973, ni Felder. Mjomba alikuwa ananyanyua kidole anasema, "Mwone huyu. Anajibu swali alilouliza mwenyewe." Saksofoni inauliza, besi inajibu, na mtu ni mmoja. Nilikuwa mtoto, sikuelewa, lakini nilijua nisikilize wapi.

Sasa mwaka jana nikaamua kuzihamishia kwenye flashi kabla hazijaharibika zaidi. Nikampa kazi kijana mmoja mwenye duka la kurekodi, hapa hapa mjini. Shilingi 40,000. Nilipofika nyumbani nikachomeka, Chain Reaction ikatoka kama inapigwa ndani ya kopo la maziwa. Gitaa lipo, matoazi ya drams yanachoma masikio, tromboni imekonda. Besi hakuna. Niliongeza spika hadi mwisho, hakuna. Nikarudi, akaniambia, "Mama, santuri za zamani ndivyo zilivyo." Nikakubali. Nilikaa miezi mitano nikiamini kwamba kile nilichosikia utotoni nilikuzia kichwani mwangu, kwamba besi ile haikuwahi kuwa kubwa hivyo. Hilo liliniuma kuliko hela, kwa sababu ilikuwa kama naambiwa mjomba alikuwa anasikiliza kitu ambacho hakipo.

Aliyenielekeza Majengo ni mama muuza zabibu. Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa amekaa kwenye stuli, redio imefunguliwa mgongo mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbukwa."

Nikaitikia Kigogo, tukacheka kidogo, nikamwekea simu sikioni na kile kilichotoka kwenye flashi. Hakusikiliza hata dakika moja.

"Pleya waliichomeka wapi?"

Nikamwambia moja kwa moja kwenye mikisa yao, kisha kompyuta. Akatikisa kichwa, akavuta amplifaya ya zamani kutoka chini ya meza, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye tundu moja lililoandikwa PHONO. "Hapa. Mahali pengine popote, besi wanakunyima."

Nafundisha fizikia, kwa hiyo niruhusuni nilieleze hili vizuri, maana naamini santuri nyingi za Tanzania zimehukumiwa kifo kwa kosa hili moja. Sauti ya chini inatikisa sindano kwa upana mkubwa kuliko sauti ya juu. Ukiichonga besi kwenye santuri ilivyo, mfereji utayumba sana hadi ukaingilia mfereji wa jirani, na sahani nzima ingebeba nyimbo chache tu. Kwa hiyo wakati wa kuchonga, besi inapunguzwa makusudi na sauti za juu zinaongezwa. Kampuni za Marekani zilikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo mwaka 1954, na dunia ikafuata. Tundu la PHONO kazi yake ni kufanya kinyume: linarudisha besi kwa kiasi kilekile kilichopunguzwa, na linashusha zile za juu, na pamoja nazo mikwaruzo. Ukipita tundu lingine unasikia nusu ya safari. Besi ya Felder ilikuwemo kwenye sahani miaka yote, nzima, inasubiri mtu achomeke waya mahali pake. Jumatatu iliyofuata nililipeleka somo hili kidato cha tatu, na wanafunzi walinielewa kuliko siku zote nilizofundisha mawimbi.

Akaniambia nilete na pleya yangu. Hapo ndipo nikaona mtu anayejua kazi. Aliweka alama ya chokaa ukingoni mwa sahani inayozunguka, akavua saa ya mkononi akaiweka mezani, akaniambia nihesabu mizunguko dakika tatu. "Ikifika mia, nzima." Hesabu yake ni sahihi: santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mara tatu ni mia kamili. Nikahesabu. Yangu ilifika 94. Mkanda wa ndani ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi iliyochoka. Nilipopiga hesabu nyumbani, 94 kwa 100 ni sauti kushuka karibu nusu toni nzima. Maana yake Randy Crawford wangu, mwimbaji wa Street Life, alikuwa anaimba kwa koo la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeshamzoea hivyo. Mkanda mpya shilingi 25,000, alikuwa nao. Sindano 60,000, ikabidi iagizwe Dar, ikaja siku ya tatu.

Kuosha ni shilingi 1,000 kwa sahani, zangu zilikuwa saba. Nilibaki kuangalia, na kwa kweli ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Dodoma yetu mnaijua. Kuanzia Juni upepo unaanza, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sufuria lililofunikwa, sembuse mfereji mwembamba kuliko unywele. Mzee anafunika karatasi ya katikati ya sahani kwa kifuniko cha kopo la plastiki ili jina lisilowe. Anatumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea na si asidi, wala si ya bomba, kwa sababu maji yetu ya bomba yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe ndani ya mfereji na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Anaweka tone la sabuni ya maji na spiriti kidogo sana. Kisha kitambaa cha pamba kilichofuliwa hadi kikalainika, anakipitisha kwa kufuata mfereji, mviringo, polepole, hakati hata mara moja. Maji ya kwanza ya Street Life yalitoka rangi ya chai ya rangi. Ya pili yakatoka manjano. Ya tatu meupe. Akaisimamisha kwenye waya wa kukaushia vyombo, mbali na jua, tukaanza kuzungumza.

Nikamwuliza kama anawajua hawa. Akasema, "Hawa walikuja Kinshasa." Nilidhani anakosea. Hakukosea. Septemba 1974, kabla ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, kulikuwa na siku tatu za muziki, tarehe 22 hadi 24. James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz yake, Tabu Ley. Na The Crusaders. Ngumi zilikuwa zipigwe siku inayofuata, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki ukapigwa kwa tarehe zake. Mzee wakati huo alikuwa kijana Kigoma, ng'ambo ya ziwa ni Zaire yenyewe, na anasema mji mzima ulikuwa hauna mazungumzo mengine. Mjomba hakuwahi kunisimulia hili. Sidhani kama alilijua. Aliwafuata Nairobi kwenye blanketi, kumbe miaka kumi kabla walikuwa wameshafika karibu hivyo, wamesimama mahali aliposimama Franco.

Sasa kurekodi. Bei ni shilingi 7,000 kwa sahani, zangu saba zikawa 49,000. Tatizo la kwanza utakaloliona ni kwamba harekodi mchana. Jirani yake ni mashine ya kusaga, ikiwaka meza inatetemeka na sindano inausoma mtetemo huo kama muziki. Kwa hiyo anasubiri saa kumi na mbili jioni mashine zizimwe. Umeme ukikatika jioni, basi hadi kesho. Aliniambia siku tano, zikawa kumi na mbili. Kama una haraka, hapa si mahali pako. Lakini unaruhusiwa kukaa, na mimi nilikaa jioni tatu, na ninamshauri yeyote afanye hivyo.

Jioni ya kwanza ilikuwa Street Life. Huu ndio wimbo uliowafikisha kwa kila mtu: uliandikwa na Joe Sample na Will Jennings, ukafika nafasi ya 5 Uingereza na ya 36 kwenye chati kuu ya Marekani, na ukamtambulisha Randy Crawford, binti wa Macon, Georgia, kwa dunia nzima. Kwenye redio mnaijua ile fupi. Kwenye albamu ni zaidi ya dakika 11, na inaanza taratibu kabisa, drams hazijaingia, yeye anaimba kama anaongea na mtu aliyekaa naye meza moja. Pale mwanzoni, kwenye ule ukimya, santuri ya mjomba ilikuwa na mlio, ta, ta, ta, tangu nakumbuka. Nilikuwa nimeuzoea hadi nikauona ni sehemu ya wimbo. Mzee alishusha sindano. Nikasubiri mlio. Ukaja mmoja tu, hafifu, halafu sauti ya yule mama ikatoka yenyewe, peke yake, kwa kimo chake halisi, na nikasikia akivuta pumzi kabla ya neno. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia pumzi ile. Nilishika ukingo wa meza.

Jioni ya pili ilikuwa Chain Reaction, na hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Kama besi isingekuwepo hapa, basi nilikuwa nimejidanganya utoto mzima. Mzee hakusema kitu, aliongeza sauti kidogo tu. Besi iliingia, na haikuingia masikioni, iliingia kwenye mbao za stuli niliyokalia. Ya mviringo, imetulia, haina haraka, inaacha nafasi kisha inakuja mahali ambapo ulikuwa hujajua unaihitaji. Saksofoni juu yake, mtu yuleyule. Nikaangalia mkono wangu wa kushoto, vidole vilikuwa vinatembea kwenye paja.

Nimefikiri sana kwa nini muziki huu haujachakaa. Nadhani ni ile kukua pamoja. Watu waliosoma shule moja, wakakosana na kupatana, hawana sababu ya kuonyeshana ubingwa. Stix Hooper anaweza kupiga drams wimbo mzima bila kujaza nafasi hata moja isiyo yake. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za Kigogo, ambako kila sauti ina njia yake na hakuna anayemkanyaga mwenzake, tunaisikia hali hiyo mara moja, hata kama Kiingereza hatukijui. Mjomba aliwaweka kwenye kreti moja na kaseti ya muheme, ngoma ya Kigogo, aliyoirekodi kijijini kwa bibi, na sikuona ajabu.

Maoni yangu kuhusu albamu zenyewe, kwa anayetaka kuanza: usianze na Street Life, ingawa ndiyo maarufu. Anza na Southern Comfort au Chain Reaction. Those Southern Knights ni nzuri sana na ndiyo ya mwisho akiwa na Wayne Henderson. Baada yake tromboni ikaondoka mbele, na kwa masikio yangu kitu kiliondoka nayo ambacho hakikurudi. Images na Rhapsody and Blues ni muziki safi, umepigwa na mabingwa, ila ni nyumba ambayo mtu mmoja amehama. Hooper naye akatoka 1983. Kulikuwa na kurudiana, 2003 Sample, Felder na Hooper wakatoa Rural Renewal, lakini hiyo sina kwenye sahani.

Kuhusu urithi wao nitasimulia kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Jioni ya tatu, tukisubiri umeme, ukarudi, Mzee akaweka santuri yake mwenyewe, Rainbow Seeker, ambayo Joe Sample aliitoa 1978 kwa jina lake. Kuna wimbo humo unaitwa In All My Wildest Dreams. Nje alikuwepo kijana wa bodaboda amekaa kwenye pikipiki anasubiri abiria. Kinanda kilipoanza akageuka, akashuka, akaja mlangoni. "Mzee, hii si ya Tupac?" Ndiyo, Dear Mama ya 1995 imejengwa juu ya wimbo huo. Kijana alisimama pale hadi ukaisha, kofia ya pikipiki mkononi, abiria akampita. Mzee akamwonyesha jalada, akamwekea kidole kwenye jina la Sample. Henderson alifariki Aprili 2014, Sample Septemba mwaka huohuo, Felder Septemba 2015. Kijana hakuwahi kulisikia jina lolote kati ya hayo, lakini ule mkono wa kushoto wa Sample kwenye kinanda alikuwa ameubeba tangu utotoni, kwa kuwa mama yake alikuwa anaupenda wimbo wa Tupac. Akaomba namba ya Mzee.

Kasoro, kwa haki. Upande wa pili wa Images alirekodi sauti kubwa mno, saksofoni inapasuka kila inapopanda. Nilimrudishia, akasikiliza, akakubali kosa bila maneno na kuurudia bure, ila zilipita siku nne nyingine. Hana risiti ya maana, anaandika kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo andika na wewe. Mafaili anayaita namba, moja, mbili, tatu, majina ya nyimbo utayaweka mwenyewe kwa kufuata jalada. Na mwambie mapema unataka faili kubwa zisizobanwa, asipoambiwa anabana ili flashi ijae kidogo, na ukishabana, sehemu ya sauti imepotea na hairudi. Flashi nenda nayo yako, ya GB 16 inatosha albamu kumi na zaidi bila kubana.

Kwa hiyo hesabu ni hii: mkanda 25,000, sindano 60,000, kuosha 7,000, kurekodi 49,000. Kwa yule kijana wa kwanza nililipa 40,000 nikanunua huzuni ya miezi mitano. Kwa Mzee nimelipa mara tatu na nusu, pleya yangu ni nzima, santuri ni safi, na zimewekwa kwenye mifuko mipya ya nailoni laini ambayo hakunitoza. Ningelipa tena kesho.

Nenda asubuhi kabla ya saa nne ukitaka kuongea naye, au jioni mashine zikizimwa ukitaka kusikiliza. Usibebe santuri kwenye bodaboda juani, plastiki inapinda, na iliyopinda Mzee hairudishi. Zibebe zimesimama wima, zisilaliane. Mimi Jumamosi hii nampelekea ile kaseti ya muheme ya bibi. Amesema atajaribu, ila utepe umeshikana na hataki kuniahidi.